Saa ya Kipindi na Saa ya Ziwa: Habari za Kuhama kwa Michezo ya Mfululizo, Zikitazamwa kutoka Ujiji

Mtu akiulizwa habari za mchezo wa redio au wa televisheni alioupenda utotoni mwake, aghalabu atasimulia kisa chake, atataja wahusika wake, na huenda akaiga hata sauti zao. Ni mara chache atakuambia kwamba mchezo ule ulikuja saa fulani, katika kituo fulani. Saa na kituo huonekana kuwa sahani tu, na kisa ndicho chakula. Nani husifu sahani akasahau wali? Lakini katika makala haya nataka kuonyesha kwamba sahani hii si kitu kidogo, maana ndiyo inayochagua nani ale na nani alale na njaa. Kipindi kikihamishwa saa, au kikipelekwa kituo kingine, maneno yake hubaki yale yale na picha zake zile zile, lakini watu wake huwa wengine. Na watu wakiwa wengine, kipindi nacho huwa kingine.

Nitaanza na mifano miwili ya mbali, kisha nitarudi pwani ya Ziwa Tanganyika, ambako nilizaliwa na ambako jambo hili nililiona kwa macho kabla sijalisoma katika vitabu.

Mfano wa kwanza ni wa Marekani. Tarehe 30 Septemba 1960, kituo cha ABC kilianza kuonyesha The Flintstones, mchezo wa katuni wa kuchekesha, juu ya jamaa wawili wa zama za mawe na wake zao. Ulioneshwa Ijumaa usiku, saa ambayo baba na mama wamekaa mbele ya televisheni baada ya kazi. Katuni zilikuwapo zamani, lakini katuni ya mfululizo yenye kisa cha nyumbani, iliyowekwa saa ya watu wazima, lilikuwa jambo geni. Na ushahidi wa kwamba ilikusudiwa watu wazima ni huu: miongoni mwa waliolipia matangazo katika miaka yake ya kwanza walikuwa watengenezaji wa sigara za Winston, na wahusika wenyewe walichorwa wakizivuta. Mwaka 1966 mchezo ukaisha kutungwa. Kuanzia 1967 kituo kingine, NBC, kikaurudia Jumamosi asubuhi, saa ya watoto. Hapakuongezwa neno wala mstari wa picha. Lakini leo ukimwuliza Mmarekani, au hata Mtanzania aliyepata kuuona, atakuambia bila kusita kwamba ule ni mchezo wa watoto. Kilichoubadilisha ni kituo na saa.

Mfano wa pili ni The Simpsons, katuni ya kituo cha Fox iliyoanza mwisho wa mwaka 1989 na ikawa na siku yake ya Jumapili. Mwaka 1990 wenye kituo wakaihamisha hadi Alhamisi, saa ile ile ambayo NBC ilionyesha The Cosby Show, mchezo uliokuwa na watazamaji wengi kupita kiasi. Uhamisho ule ulikuwa kama kumtoa jogoo mchanga katika banda lake na kumtia uwanjani na jogoo mzee. Wenye kituo hawakuutazama uzuri wa kisa peke yake. Walitaka kuwapokonya wenzao watu wa saa ile. Mwaka 1994 mchezo ukarudishwa Jumapili. Kwa hiyo wafanyabiashara wa televisheni wamejua siku nyingi jambo ambalo sisi wanafunzi wa fasihi tunalisahau: kwamba saa ni mali, na watu wa saa fulani ni kama shamba lenye mipaka.

Sasa, msomaji anaweza kuuliza: mambo haya yanatuhusu nini sisi wa Kigoma? Twaweza kuyachukua mafunzo ya nchi ambayo kila nyumba ina televisheni na karibu kila mtu hutoka kazini jioni, tukayaweka pwani ya Kibirizi au Katonga? Hatuwezi kuyachukua yalivyo. Huko saa hupigana na saa nyingine iliyo katika kituo kingine. Kwetu, saa ya kipindi hupigana na jua, mwezi na samaki. Basi yanipasa kwanza kueleza saa za ziwa.

Watu wa Ujiji wamepata kuishi na hesabu nyingi za wakati. Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi, na safari ile ilihesabiwa kwa miezi, si kwa saa. Burton na Speke waliufikia mwaka 1858. Livingstone na Stanley walipokutana hapo mwaka 1871, kila mmoja alikuwa na hesabu yake ya siku, na hata leo tarehe walizoziandika hazipatani. Baadaye, mwaka 1914, reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, na reli haiwezi kwenda bila ratiba. Meli iliyoitwa Graf von Götzen, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na ambayo iliibuliwa majini mwaka 1924, ilianza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Nayo ikawa na siku zake za kuondoka na za kurejea. Hivyo saa ya ukutani iliingia Kigoma kwa njia ya gari moshi na meli, ikakaa pamoja na adhana ya misikiti ya Ujiji na kengele za misheni.

Lakini saa ile ya ukutani haikupatana na jua la hapa. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao haukanyagi ardhi yetu. Hupita mbali baharini. Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 39, na Kigoma iko karibu na nyuzi 29 na nusu. Kila nyuzi moja ni dakika 4 za jua. Kwa hiyo jua la Kigoma huchelewa kama dakika 39 nyuma ya jua la Dar es Salaam, na huchelewa saa nzima na zaidi kidogo nyuma ya saa ya ukutani. Sisi Waswahili husema saa 12 ni macheo na saa 12 ni machweo. Kigoma, saa ikipiga 12 asubuhi bado ni giza, na ikipiga 12 jioni jua lingali juu ya milima ya Kongo, nalo huzama karibu na saa 1. Ng'ambo ya pili ya maji, yaani Kongo ya mashariki, na kaskazini yetu Burundi, saa ya serikali iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na kwa hakika inapatana na jua letu kuliko yetu wenyewe. Mtu wa Ujiji anayefungulia redio ya Bujumbura husikia ikitajwa saa nyingine, hali jua linalowaangaza ni moja.

Huenda jambo hili likaonekana ni la wataalamu wa ramani. Lakini litazame katika ratiba ya redio. Kipindi kinachowekwa saa 12 na nusu jioni, Dar es Salaam kinakuta kiza kimeingia au kinaingia, watu wamerudi, taa zimewashwa. Kigoma kinakuta jua lingali linawaka, mama yuko sokoni, watoto wako mpirani, na wavuvi wanasukuma mitumbwi majini. Neno "jioni" katika ratiba ni moja, lakini jioni zenyewe ni mbili.

Sasa tutazame mwezi. Uvuvi wa dagaa na migebuka katika Ziwa Tanganyika ni kazi ya usiku, na ni kazi ya taa. Zamani waliwasha moto wa kuni katika mtumbwi na kuwachota samaki kwa wavu wenye mpini uitwao lusenga. Baadaye zikaja karabai, na mitumbwi ikafungwa miwili miwili ili kubeba nyavu kubwa zaidi. Siku hizi taa nyingi ni za betri na za jua. Njia imebadilika, lakini asili yake ni ile ile: samaki huvutwa na nuru katika giza. Mwezi unapokuwa mpevu, nuru hutanda kila mahali, samaki hawana haja ya kuikusanyikia taa ya mvuvi, na mvuvi hupumzika. Kwa watu wa Ujiji, ambao wengi wao ni Waislamu waliozoea kuhesabu mwezi kwa kuandama kwake, hesabu hii si ngumu. Siku za giza ni siku za kazi. Siku za mbalamwezi, kama juma moja hivi au zaidi kidogo, ni siku za kulala nyumbani, kushona nyavu, kuoa na kuoza.

Basi, mvuvi anaishi kwa mwezi, nacho kipindi kinaishi kwa wiki. Wiki ina siku 7, mwezi wa angani una siku 29 na nusu. Hesabu hizi mbili hazigawanyiki sawasawa. Kipindi kinachorushwa mara mbili kwa wiki huja mara 8 au 9 kwa mwezi mmoja. Mvuvi aliye nyumbani juma moja tu ataweza kukisikia mara 2 au 3. Katika mchezo wa mfululizo, ambao leo huzaliwa kutokana na jana, mtu asikiaye mara 2 katika 8 ni kama mtu asomaye kitabu ambacho panya wamekula kurasa zake nyingi. Tena kurasa zilizobaki hazikai mahali pamoja.

Kwa mwanga huu twaweza kuisoma upya sehemu ya historia ya utangazaji wa nchi yetu. Redio ilianza Dar es Salaam mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likawapo shirika la utangazaji la Tanganyika. Na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, mali ya serikali. Kwa karibu miaka thelathini iliyofuata, redio hii ilikuwa ndiyo sauti ya taifa upande wa bara. Haikuwa na mshindani wa nyumbani, kwa hiyo haikuwa na haja ya kuwapokonya wengine watu wao. Vichekesho vyake, kama Pwagu na Pwaguzi, vilifika nyumba ambazo hazijapata kuona jukwaa la maigizo. Saa za vipindi vile zilipangwa Dar es Salaam, kwa jioni ya Dar es Salaam. Sisemi kwamba palikuwa na nia mbaya. Mpangaji wa ratiba hupanga kwa dirisha lililo mbele yake.

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa mfululizo uitwao Twende na Wakati. Ulirushwa jioni, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Ulitungwa kwa njia iliyoanzishwa na Miguel Sabido katika televisheni ya Mexico: wapo wahusika wema, wapo wabaya, na wapo wanaosita katikati, ambao msikilizaji huwafuata wanapobadilika. Mbaya aliyekumbukwa zaidi ni Mkwaju, dereva wa lori, mwenye mke wake Tunu nyumbani na wanawake wengine njiani, ambaye mwisho wake ulikuwa UKIMWI. Watu walimcheka Mkwaju, walimchukia, na jina lake likawa lawama.

Kuna jambo moja la mchezo ule ambalo ni adimu katika historia ya utangazaji popote duniani. Kuanzia 1993 hadi 1995, wakati mitambo mingine ya bara ilipourusha, mtambo wa Dodoma uliachwa ukirusha vipindi vingine saa ile ile, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa miaka ya 1990: matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi katika maeneo yaliyopata mchezo kuliko Dodoma, na Dodoma nayo ikaongezeka baada ya kupewa mchezo huo mwaka 1995. Hapa twaona kwa dhahiri kile nilichosema mwanzoni. Saa moja, kituo kimoja, vipindi viwili mbalimbali. Na katika nyumba za watu yakatokea mambo mawili mbalimbali.

Lakini mgawanyo ule ulikuwa wa mahali. Ramani ilichorwa kwa nguvu ya mitambo: hapa mawimbi yamefika, hapa hayakufika. Mimi nataka kuongeza ramani ya pili, ambayo haichorwi kwa mawimbi bali kwa saa. Ndani ya mji mmoja, ndani ya nyumba moja, wapo walio na saa ile na wapo wasio nayo.

Mwaka ule wa 1993 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na redio ya nyumba yetu ilikuwa ya mjomba wangu, mvuvi. Yeye alikuwa mwenye redio, lakini sisi ndio tuliokuwa wasikilizaji. Mchezo ulipoanza, yeye alikuwa keshafika pwani. Alirudi asubuhi, akanywa uji, akalala. Alipoamka kama saa 9 alimwuliza shangazi, mkewe, swali moja: "Enhe, yule mlevi wenu wa malori amefanya nini?" Naye shangazi humsimulia. Lakini hakumsimulia mambo yote. Yale ya Mkwaju kuambukizwa maradhi aliyasema kwa urefu, akirudia mara mbili na kumtazama usoni. Yale ya Tunu kuanza kujipatia fedha zake mwenyewe aliyapitia mbio mbio, au aliyaruka. Mjomba aliusikia mchezo wa shangazi, si mchezo wa Radio Tanzania. Na ilipofika mbalamwezi, akakaa nasi ukutani kuusikiliza mwenyewe, alikuwa akiuliza kila dakika, "Huyu ni nani? Mbona hukuniambia habari zake?" Shangazi alijibu kwa upole, "Bwana, nyamaza tusikie."

Nimekieleza kisa hiki si kwa kuchekesha tu. Kinaonyesha mambo mawili ya historia. La kwanza, kwamba wanawake wa pwani walikuwa kituo cha pili cha utangazaji. Asubuhi, walipokuwa wakianika dagaa mchangani, mchezo wa jana ulirushwa tena kwa midomo yao, ukiwa umehaririwa. Anayetaka kujua Twende na Wakati ulisema nini Ujiji asitafute kanda peke yake. Awaulize wanawake wale, ambao leo wengi ni bibi. La pili ni zito zaidi. Mvuvi wa ziwa hafanani na mkulima. Anafanana na dereva wa lori. Ni mtu wa safari, hulala kambi hii leo na kambi ile kesho, hupata fedha taslimu asubuhi, na mauti ya Mkwaju yalikuwa yakimngojea yeye pia. Kama yupo mtu aliyestahili kuusikia mchezo ule kwa masikio yake, basi ndiye. Na saa ile ilimkuta majini. Wapo waliobeba redio mtumbwini, lakini maji na redio si marafiki, tena betri zilikuwa ghali. Mimi sina takwimu za waliokufa kwa kutosikia, wala haiwezekani kuzipata. Najua tu kwamba mjomba alizikwa kabla sijamaliza shule ya sekondari, na kwamba shangazi hakupenda tena kuifungua redio saa ile.

Tuje sasa kwenye televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi kama ITV vilipoanza. Kituo cha taifa kilifuata mwaka 2000, na ndicho kilichokuja kuitwa TBC1. Kigoma, iliyo mbali na iliyotegemea mashine za dizeli kwa umeme wake miaka mingi, ilivipata vyombo hivi kwa kuchelewa. Wengi wa rika langu tuliiona picha itembeayo kwanza katika vibanda vya video. Nakumbuka kibanda kimoja cha Ujiji ambacho mwenyewe alijua jambo wasilolijua wapangaji wa ratiba wa mji mkuu: siku za giza alionyesha filamu mchana, wavuvi walipoamka, siku za mbalamwezi alionyesha usiku. Hakuwa amesomea utangazaji. Alikuwa na mlango, na aliwaona waliouingia.

Tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na katika mwaka 2013 ikafuata miji kama Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya. Kigoma ilingoja zaidi. Mabadiliko haya yalikuwa uhamisho mkubwa kuliko wa kipindi kimoja, kwa maana vituo vyote vilihama kwa pamoja kutoka hewani kwenda ndani ya king'amuzi. Asiyekuwa na king'amuzi alikuta kioo cheupe. Hapo tukajifunza kwamba kipindi kinaweza kuhama hata bila kubadili saa wala jina la kituo. Chatosha mlango wa nyumba ubadilishwe kitasa.

Ni katika hali hiyo ndipo ilipokuja katuni yetu wenyewe. Mwezi Januari 2014, TBC1 ilianza kuonyesha Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, kuwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa visa, nyimbo na mzaha. Mtoto aliulizwa maswali na aliweza kuyajibu kwa ujumbe wa simu. Si kichekesho cha nyumbani cha namna ya zile za Marekani, lakini ni jamaa yake: ina wahusika wasiozeeka, wanaoingia katika tatizo jipya kila mara na kutoka humo huku mtazamaji anacheka. Haikukaa kituo kimoja. Ilivuka mipaka hadi televisheni za Kenya, Uganda na Rwanda, ikasemeshwa lugha nyingine, ikapata mdogo wake aitwaye Akili and Me mwaka 2016 kwa ajili ya watoto wasioanza shule, na ikageuzwa hata kuwa mchezo wa redio. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona, watengenezaji wake waliwapa watangazaji wa nchi mbalimbali za Afrika vipindi hivyo bila malipo, navyo vikaingia katika vituo na saa ambazo havikuwa navyo.

Watu wa mjini waliufurahia uhamaji huu, na hapana shaka ni sifa kubwa kwa Kiswahili. Lakini tuirudie ramani yangu ya saa. Saa ya kawaida ya katuni za watoto, huku kwetu kama kule Marekani, ni asubuhi ya mwisho wa wiki, kwa kuwa mtoto hayuko shuleni. Chukua mathalani saa 3 asubuhi, Jumamosi. Kigoma jua limechomoza kama saa mbili tu zilizopita. Mitumbwi imetia nanga, dagaa wamemwagwa, na Jumamosi ndiyo siku ambayo mama ana wasaidizi, kwa sababu ile ile ya kwamba watoto hawako shuleni. Mtoto wa Kibirizi saa hiyo yuko mchangani akigeuza dagaa na kuwafukuza kunguru. Sababu inayomweka mtoto wa Dar es Salaam mbele ya televisheni ndiyo inayomweka mtoto wa pwani mbele ya kichanja. Ila kipindi kile kile kikihamia redioni, mtoto huyu hupata nafuu ambayo hakuna aliyemkusudia: redio ndogo hutundikwa katika mti wa kichanja, na hesabu husikika huku mikono inafanya kazi. Kwake, picha kupotea si hasara kubwa. Saa kupatikana ndiyo faida.

Yuko atakayesema kwamba maneno haya yamepitwa na wakati. Siku hizi, atasema, kila mtu ana simu. Mvuvi atautazama mchezo akiamka, na mtoto atautazama dagaa wakikauka. Saa ya kipindi imekufa. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nami nimewaona vijana wa Katonga wakitazama vichekesho chini ya mwembe saa 10 alasiri. Lakini ina majibu mawili. Kwanza, simu imeivunja saa ikaweka bei mahali pake: picha hununuliwa kwa kifurushi, na kifurushi hununuliwa kwa dagaa. Mwaka 2024 serikali ilipolifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane, wavuvi walikuwa nyumbani jioni zote za miezi mitatu, jambo lisilo la kawaida. Walikuwa na saa, lakini wengi hawakuwa na fedha. Pili, saa ya pamoja ilikuwa na kazi nyingine zaidi ya kumfikisha mtu kwenye kipindi. Ilimpa mtu wa kuzungumza naye kesho yake. Kila mmoja akitazama peke yake kwa saa yake, ni nani atakayemwuliza shangazi yule mlevi wa malori amefanya nini?

Nimalizie kwa kuwageukia wenzangu wa vyuoni. Tunapoandika historia ya michezo ya redio na televisheni, tumezoea kukusanya maandishi ya michezo, majina ya watunzi na waigizaji, na maadili yaliyokusudiwa. Hayo ni mema. Lakini ratiba tumeziacha zitupwe. Zimo katika magazeti ya zamani, pembeni, kwa herufi ndogo, na magazeti yenyewe yanaliwa na mchwa. Nashauri zikusanywe, mkoa kwa mkoa, na kila saa iliyoandikwa ilinganishwe na jua la mahali pale na kazi za watu wa pale: saa ya kukamua kwa wafugaji, saa ya kuvuna chumvi Uvinza, saa ya taa ziwani. Hapo ndipo tutakapojua kipindi kilifika wapi kwa kweli. Na kazi hii haingoji, kwa kuwa wale wanawake waliokuwa wakiurusha upya mchezo asubuhi juu ya mchanga wa dagaa wanapungua kila mwaka, nao hawakuandika neno.

Shangazi yangu yu hai. Nilipomwuliza mwaka jana kama aukumbuka mchezo ule, alinitajia Mkwaju na Tunu na wengine ambao mimi nimewasahau. Nikamwuliza ulikuwa saa ngapi. Hakunitajia saa ya ukutani. Alisema, "Ulianza mjomba wako akiwa anafunga taa."